Asiyekubali Kushindwa Si Mshindani

Bunduki yangu ya kwanza ilitoka mgombani. Tulichukua uti wa jani la mgomba, tukauchanja vipande vidogo vilivyosimama juu yake, na tulipovipitishia mkono kwa kasi vililala kimoja baada ya kingine kwa mlio wa ta-ta-ta. Tukajigawa makundi mawili, vita ikaanza. Ugomvi wetu ulikuwa ule ule kila jioni. Mmoja alipiga kelele, "Nimekuua!" Mwingine akajibu, "Hujaniua, umenikosa!" Hapakuwa na risasi, hivyo hapakuwa na ushahidi. Mchezo uliendelea kwa sababu moja tu, kwamba wengi wetu tulikubali kufa. Aliyekataa kila mara tulimwacha, tukaenda kucheza bila yeye.

Nilikumbuka hayo mwezi Julai 2023, nilipokwenda kumtembelea binti yangu nchini Kanada. Mjukuu wangu, kijana wa miaka 16, aliniambia, "Babu, twende Jumamosi ukaone tunavyopigana." Baba yake akatupeleka kwenye msitu unaokodishwa kwa mchezo uitwao easofti. Niliwakuta vijana na watu wazima wamevaa miwani mizito ya kukinga macho, kila mmoja na bunduki ya bandia ambayo kwa macho yangu, niliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa, ilikuwa bunduki kamili. Bunduki hizo hurusha gololi za plastiki za kipenyo cha milimita 6. Upo mchezo unaofanana na huo ambao risasi zake hupasuka na kumwaga rangi, na aliyepigwa huonekana. Gololi hizi hazina rangi. Aliyepigwa hana budi kuinua mkono mwenyewe, kusema amepigwa, na kutoka.

Mchezo huu ulizaliwa Japani katika miaka ya 1970. Sheria ya bunduki na panga ya mwaka 1958 ilimzuia raia wa kawaida kumiliki bastola, na hata sanamu za bunduki za chuma zikabanwa mwaka 1971 na tena mwaka 1977. Waliopenda silaha kwa macho tu wakatengenezewa za plastiki, zinazosukuma gololi kwa springi au gesi. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ikatoa bunduki yenye mota na betri ndani yake, na mchezo ukazidi kuenea Asia, Ulaya na Amerika. Naam, mchezo huu ni mtoto wa katazo, na tangu kuzaliwa kwake umeishi jirani na sheria.

Wakati wa chakula mjukuu wangu alinieleza kwamba wachezaji ni wa aina mbili. Wapo wanaokuja kucheka, kukimbia na kula pamoja. Wapo pia wanaokuja kushinda. Asubuhi hiyo alikuwa amempiga bwana mmoja mtu mzima mara tatu, na yule bwana akaendelea kutembea kana kwamba ni nzi waliomtua. "Babu," akasema, "nitanunua springi yenye nguvu zaidi. Akipigwa, asikie."

Hapo nikaielewa historia ya mchezo huu kuliko ambavyo ningeielewa kwa kusoma. Asiyekiri humfanya mwenzake atafute nguvu. Nguvu huleta majeraha, na majeraha humleta askari. Japani ilishtuka mwaka 2005, pale magari yalipopigwa barabarani kwa bunduki za aina hii zilizoongezwa nguvu. Hao hawakuwa uwanjani, lakini chombo kilikuwa kile kile. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa, na nguvu ya gololi ya milimita 6 ikawekewa kikomo cha jouli 0.98 hivi. Kwa gololi ya gramu 0.20, huo ni mwendo wa karibu mita 99 kwa sekunde. Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 2006 ya kuzuia uuzaji wa bunduki za bandia zenye sura halisi, lakini ikawaachia nafasi wachezaji wanaocheza kwa utaratibu na wenye bima. Mwaka 2017 ikaweka vipimo vyake: jouli 1.3 kwa zinazofyatua mfululizo, na 2.5 kwa zinazofyatua moja moja.

Nje ya uwanja kuna hatari kubwa zaidi. Marekani ilitunga sheria mwaka 1988 kwamba bunduki za kuchezea ziwe na alama, kwa kawaida ncha ya rangi ya chungwa. Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto Mweusi wa miaka 12, Tamir Rice, alipigwa risasi na polisi sekunde chache baada ya gari lao kufika. Alikuwa na bastola ya easofti ambayo ile ncha yake ilikuwa imeondolewa. Mjukuu wangu ana ngozi kama yangu. Jioni ile nilihakikisha kwa macho yangu kwamba bunduki imefungiwa ndani ya mkoba, na mkoba umo ndani ya buti la gari.

Huko Kanada serikali ilipeleka bungeni mwaka 2021, na tena mwaka 2022, muswada ambao ungepiga marufuku bunduki hizi. Wachezaji na wenye maduka wakalalamika, na mwezi Mei 2023 kifungu hicho kikaondolewa katika kamati. Sheria ilipopita Desemba mwaka huo, easofti haikuguswa. Lakini kuachwa leo si ahadi ya kesho.

Sikumcheka mjukuu wangu kwa ile springi, maana nami nina deni. Katika miaka ya 1980, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulikwenda kwenye mashindano ya mpira na mamluki mmoja. Alicheza kwa jina la mwanachuo wetu, ambaye siku ya fainali tulimwamuru abaki bwenini. Yule mamluki akafunga bao, tukarudi na kombe. Miaka mingi baadaye nilikutana na mwanachuo yule, sasa mwalimu mwenye mvi. Akanipa shikamoo, kisha akasema, "Mwalimu, lile bao nililifunga mimi, imeandikwa." Akacheka. Mimi sikuweza.

Nilimsimulia mjukuu wangu habari hiyo tukiwa njiani kurudi. Akanyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Kombe liko wapi sasa, Babu?" Nikamwambia sijui.

Ndugu msomaji, wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Tuliwaandikia wanafunzi maneno hayo ubaoni huku tukitafuta mamluki. Wabunge watapima jouli na rangi ya ncha, na ni haki yao. Hakuna bunge linaloweza kumwinua mtu mkono porini, mahali ambapo yeye peke yake ndiye anayejua kwamba amepigwa. Mchezo ukikosa watu wa namna hiyo, sheria itakapokuja kuufunga itakuta wachezaji wenyewe wamekwisha kuuvunja.

Springi hakununua. Aliniambia kwa simu kwamba siku hizi anacheza na wale wanaokula pamoja.