Juu ya Neno la Kiingereza "Greenly"

Waingereza huongeza -ly mwishoni mwa neno la sifa ili kuonyesha jinsi jambo litendwavyo. Kipande hiki ni mabaki ya neno lao la kale lililokuwa na maana ya mwili au umbo. Basi greenly, litokalo katika green, yaani rangi ya majani, lingekuwa "kwa namna ya kijani". Lakini afasiriye hivyo kila mahali atapotea, nasi twaleta mfano mmoja.

Katika mchezo wa Hamlet, ulioandikwa na Shakespeare karibu na mwaka wa 1600, mzee Polonius, mshauri wa mfalme, auawa na Hamlet. Mfalme Claudius amzika upesi na kwa siri, pasipo heshima zimpasazo mtu wa cheo chake. Watu wanung'unika, binti wa marehemu aingiwa na wazimu, na mwanawe Laertes arudi kutoka Ufaransa akitaka kisasi. Ndipo mfalme akiri mbele ya malkia kwamba walitenda greenly. Je, tuseme walimzika "kijani"? Msikilizaji atadhani sanda ndiyo iliyokuwa ya rangi hiyo.

Maana yenyewe yatoka shambani. Green ni jamaa ya neno la Kiingereza lenye maana ya kumea; na tunda lingali la kijani, aghlabu halijaiva. Hata kuni ambazo hazijakauka Waingereza huziita green. Kutoka tunda na mti neno likahamia kwa mtu: asiyeizoea kazi yake ni green. Basi mfalme asema kwamba shauri lao lilikuwa halijaiva.

Sisi Waswahili mambo haya twayatenga. Kijani ni jani lililotiwa ki-, nalo hubaki na rangi. Kutokuiva twakuweka katika -bichi na -changa. Nyama mbichi ni nyekundu, wala hakuna aionaye kijani. Mwezi mchanga nao ni mweupe. Kwa hiyo mfasiri na aiache rangi, aseme, "Tulitenda kwa shauri changa."

Tangu nusu ya pili ya karne ya 20, green imepata maana nyingine, ya kutunza ardhi, misitu na hewa. Na leo atendaye greenly aweza kuwa mtu wa kusifiwa. Maana hii imekwisha kuingia kwetu, kwani twasikia "uchumi wa kijani". Lakini ile ya kale haikuingia. Neno moja kwao hulaumu na kusifu. Kwetu kijani hakijajifunza kulaumu.

Kwa hiyo mfasiri asiulize kwanza, "Ni rangi gani?" bali, "Ni jambo gani lililotendwa?" Mzee amezikwa kwa siri, pasipo heshima zimpasazo. Ubaya wa tendo hilo Mswahili aujua bila kuonyeshwa rangi yo yote.