Protini chukuzi katika mapishi ya Rusinga

Protini chukuzi ni protini za chakula zinazoshika vitamini, madini au mafuta na kuyafikisha utumboni kabla hayajaharibika. Mfano mkuu ni maziwa ya ng'ombe. Takriban asilimia 80 ya protini yake ni kaseini, ambayo hujikusanya katika chembe ndogo mno na kubeba kalsiamu na fosfeti, madini ambayo bila hiyo yangetuama. Nyingine, beta-laktoglobulini, ina uwazi unaonasa vitamini A na D. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha Technion, Israeli, waliingiza vitamini D ndani ya chembe za kaseini, wakaonyesha kwamba humo huhimili mwanga kwa kiasi fulani. Zeini, protini ya mahindi, nayo hutumika kufunika karotini, rangi ya mimea ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Rusinga, kisiwa cha Ziwa Viktoria katika kaunti ya Homa Bay, kina Wasuba ambao wengi wao leo huzungumza Dholuo. Huko osuga (mnavu) na dek (mgagani) huchemshwa kisha huungwa kwa maziwa. Protini za maziwa hushikana na baadhi ya kemikali za majani zinazokausha ulimi, hivyo ukali hupungua. Mafuta ya maziwa huwezesha karotini ya majani kufyonzwa. Wapishi wa Rusinga wanastahili heshima ya kitaalamu, kwani wanayoyafanya jikoni yana msingi ule ule wa kazi za maabara.

Mchukuzi mwingine ni omena, dagaa anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa ufuoni, kazi ambayo kwa sehemu kubwa hufanywa na wanawake. Huliwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo kalsiamu haitupwi. Kinachovutia zaidi ni athari yake kwa ugali. Mahindi yana fitati, ambayo hufunga madini ya chuma yasifyonzwe; nyama ya samaki ikiliwa pamoja nayo, chuma cha nafaka na mboga hufyonzwa vizuri zaidi. Jua kali, hata hivyo, huharibu sehemu ya vitamini A ya omena anapoanikwa, na ukaushaji wenye kivuli ungefaa kuenezwa.

Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi unaofungashwa viwandani uongezwe vitamini na madini. Unga wa kinu cha kijijini kwa kawaida haupati nyongeza hiyo, na kaya zinazoutegemea ndizo zinazohitaji omena zaidi. Sehemu kubwa ya omena wa Kenya, hata hivyo, huishia kwenye chakula cha kuku na mifugo.