Manesi walipogeuka mwiba kwa kampuni za bima

Desemba 20, 2007 watu wapatao 150 walikusanyika nje ya ofisi za kampuni ya bima ya CIGNA mjini Glendale, California. Wengi walikuwa ndugu, marafiki na Wamarekani wenye asili ya Armenia. Pamoja nao, mabango mkononi, walikuwepo manesi wa Chama cha Wauguzi cha California. Madai yao yalikuwa mamoja: kampuni ikubali kulipia upandikizaji wa ini kwa binti wa miaka 17, Nataline Sarkisyan.

Nataline alikuwa na saratani ya damu. Mwezi mmoja kabla alikuwa amewekewa uboho uliotoka kwa kaka yake, kisha ini likaanza kushindwa kazi. Madaktari wake katika hospitali ya chuo kikuu cha UCLA waliomba kibali cha kumpandikiza ini. Kampuni ikakataa, ikisema matibabu hayo kwa hali yake yalikuwa ya majaribio, hayajathibitishwa, na mkataba wa bima hauyalipii. Desemba 11 madaktari wanne wakaandika barua kuiomba ifikirie upya. Walisema wagonjwa wa aina hiyo wakipandikizwa wana nafasi ya asilimia 65 ya kuwa hai miezi sita baadaye.

Siku ile, maandamano yakiwa bado yanaendelea, ikaja habari kwamba kampuni imebadili msimamo, italipa. Watu wakashangilia. Jioni ya siku hiyo hiyo Nataline akafariki dunia.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba ini jipya lingemponya, maana alikuwa mahututi kweli kweli. Lakini swali lililobaki ni hili: kama kampuni iliweza kusema ndiyo Desemba 20 kwa sababu ya kelele za mtaani, mbona haikuweza kusema ndiyo siku tisa kabla, kwa sababu ya barua ya madaktari?

Mimi nina swali jingine la nyongeza. Tumezoea kumwona nesi akiwa na sindano na dripu. Alifikaje kwenye lango la kampuni ya bima akiwa na bango? Ukifuatilia historia unakuta jambo la kushangaza: nesi na bima walianza wakiwa marafiki wakubwa.

Turudi nyuma hadi mwaka 1893, jijini New York. Nesi kijana aitwaye Lillian Wald alikuwa anafundisha akina mama wahamiaji namna ya kuuguza nyumbani. Siku moja mtoto akaja kumwita akamwone mama yake, aliyekuwa hoi baada ya kujifungua katika chumba kibovu cha kupanga. Alichokiona kilimbadilisha. Yeye na mwenzake wakahamia kuishi katika mitaa hiyo ya maskini, na huo ukawa mwanzo wa kituo cha Henry Street, ambacho manesi wake walizunguka nyumba kwa nyumba.

Tatizo lilikuwa pesa. Mwaka 1909 Wald akapata wazo. Maskini wengi wa mitaa ile walikuwa na bima ndogo za maisha za kampuni ya Metropolitan Life. Walilipa senti chache kila wiki kwa wakala aliyepita mlangoni, ili siku wakifa familia ipate pesa ya mazishi. Wald akamwendea Lee Frankel, aliyesimamia masuala ya ustawi ndani ya kampuni hiyo, akamwambia hivi kwa ufupi: mteja wako akifa mapema wewe unalipa, akipona anaendelea kukuchangia, basi nilipe mimi nikamuuguze.

Hesabu ilieleweka. Majaribio yalianza mwaka huo huo Manhattan, na baada ya miaka michache huduma ilikuwa imeenea miji mingi ya Marekani na Kanada. Ilidumu hadi 1953, kampuni ilipoifunga.

Lakini hata katika fungate hiyo mgogoro ulikuwa umeanza kuchipua. Kampuni ilitaka manesi watumie muda wao kwa wagonjwa wa kupona haraka. Mwenye ugonjwa wa kudumu, anayehitaji kuoshwa kidonda mwezi hadi mwezi, kwake alikuwa ni hasara. Kwa nesi huyo ndiye mwenye shida kuliko wote. Naomba msomaji ushike hapo, kwa sababu ugomvi wote uliofuata umetokana na tofauti hiyo. Kampuni inaona jalada, nesi anaona mtu.

Wakati huo huo bima ya matibabu yenyewe ilikuwa inazaliwa. Mwaka 1929 walimu wa Dallas, Texas walianza kuilipa hospitali ya Baylor senti 50 kwa mwezi, na wao wakahakikishiwa siku 21 za kulazwa wakiugua. Mpango huo ndio ulizaa Blue Cross. Kisha wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ikadhibiti mishahara, na waajiri walioshindwa kuongeza mshahara wakavutia wafanyakazi kwa bima ya afya. Ndiyo sababu mpaka leo Mmarekani akipoteza kazi anaweza kupoteza na bima.

Mzee aliyestaafu je? Huyo aliachwa nje. Hapa ndipo chama cha kitaifa cha manesi kilipofanya jambo la ujasiri. Mwaka 1958 Chama cha Wauguzi cha Marekani kiliunga mkono mpango wa serikali wa bima kwa wazee, wakati chama cha madaktari kikiupinga kwa nguvu zote. Kumbuka nesi alikuwa anafanya kazi chini ya daktari huyo huyo. Kupingana naye hadharani haikuwa lelemama. Miaka saba baadaye, Julai 30, 1965, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya Medicare.

Basi mambo yakageuka tena. Gharama za hospitali zilipanda, na mwaka 1973, wakati wa Rais Nixon, ikapitishwa sheria ya kukuza mashirika ya bima yanayosimamia matibabu yenyewe, maarufu kama HMO. Miaka ya 1980 na 1990 ndipo yalipotawala. Utaratibu wao ulikuwa rahisi kuueleza: kabla hujalazwa au kufanyiwa upasuaji, hospitali ipige simu kuomba kibali. Na je, nani aliajiriwa na kampuni kupokea simu hizo na kupitia majalada? Mara nyingi ni nesi!

Naam, nesi akawa pande zote mbili za simu. Huku yuko wodini anasema mgonjwa wangu hawezi hata kusimama, kule yuko ofisini na mwongozo wa kampuni anasema siku zake zimekwisha. Mfano upo kwenye kumbukumbu za Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Aetna dhidi ya Davila ya mwaka 2004. Mama mmoja wa Texas alifanyiwa upasuaji, daktari wake akataka abaki hospitali zaidi. Nesi wa kampuni ya bima akaamua kwamba hajafikia vigezo vya kuendelea kulazwa. Akarudi nyumbani, akapata matatizo, akarudishwa hospitali.

Aliposhitaki kwa sheria za jimbo lake, majaji wote wa mahakama hiyo walisema hawezi. Sababu ni sheria ya mwaka 1974 iitwayo ERISA, inayosimamia mafao yatolewayo na waajiri binafsi. Chini ya sheria hiyo unaweza kudai thamani ya huduma uliyonyimwa, lakini si fidia ya madhara yaliyokupata. Familia ya Nataline nayo iligonga mwamba huo huo. Mwaka 2009 jaji wa mahakama ya shirikisho alitupilia mbali sehemu kubwa ya madai yao.

Kwa hiyo mahakama ilikuwa mlango mwembamba. Ndiyo maana manesi walitafuta milango mingine. Wa kwanza ni sheria. Mwaka 1996, baada ya malalamiko kwamba akina mama wanatolewa hospitali siku moja tu baada ya kujifungua, Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayozuia bima kukata malipo kabla ya saa 48 kwa uzazi wa kawaida na saa 96 kwa upasuaji. California nako, tangu Januari 2001, mgonjwa aliyekataliwa na bima kwa hoja za kitabibu anaweza kupeleka suala lake kwa madaktari wasioajiriwa na kampuni. Sheria ya Rais Obama ya mwaka 2010 ilipanua haki ya namna hiyo ya kukata rufaa nchi nzima.

Mlango wa pili ni kalamu. Rufaa ya bima haishindi kwa machozi, inashinda kwa kumbukumbu. Homa ilikuwa ngapi saa nane usiku? Mgonjwa alitembea hatua ngapi kabla hajaishiwa pumzi? Anayeandika hayo ni nesi, kwa sababu daktari hupita na kuondoka. Nesi akiandika tu "hali nzuri", kampuni itayashika maneno hayo hayo kumnyima mgonjwa siku nyingine ya kulazwa.

Na kalamu hiyo inahitajika sana. Kwa mujibu wa taasisi ya utafiti ya KFF, katika bima zinazouzwa kwenye soko la serikali ya Marekani chini ya asilimia 1 ya madai yaliyokataliwa mwaka 2023 yalikatiwa rufaa. Wengi hukataliwa wakanyamaza. Hawajui kama wana haki, au ugonjwa umewamaliza nguvu.

Mlango wa tatu ndio ule wa Glendale. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kanuni za jimbo la California tangu mwaka 1985 zinamtaka nesi mwenye leseni awe mtetezi wa mgonjwa wake, na achukue hatua kubadili maamuzi yaliyo kinyume na maslahi au matakwa ya mgonjwa huyo. Nesi wa California akipaza sauti ana kanuni ya kazi yake ya kusimamia.

Wendell Potter, aliyekuwa mkuu wa mawasiliano wa CIGNA wakati wa sakata hilo, aliacha kazi mwaka 2008, na Juni 2009 akaenda mbele ya kamati ya Baraza la Seneti kueleza mbinu za kampuni za bima. Kelele za mtaani zilikuwa zimefika hadi ofisini.

Kwa nini nimeandika haya? Kwa sababu nasi tumeshaingia njia hiyo. Tanzania ilikuwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya tangu 2001, na Novemba 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kenya nao walihama kutoka NHIF yao kwenda SHA Oktoba 2024. Machi 2024 tulionja ladha ya mvutano hapa kwetu, pale baadhi ya hospitali binafsi ziliposimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF zikipinga kitita kipya cha mafao. Mfuko ulisema lake, wenye hospitali walisema lao. Mgonjwa mwenye kadi mkononi alisemewa na nani?

Bima kwa wote ni jambo jema, na mimi naliunga mkono. Lakini kila bima duniani ina orodha ya inachokilipia na isichokilipia, na kila orodha ina mgonjwa atakayeangukia nje yake. Nesi atakuwa wa kwanza kumwona mgonjwa huyo, na ndiye atakayemweleza kwamba dawa yake haimo. Je, tumempa nesi wetu kanuni ya kumlinda akisema "hapa mmekosea", au tunasubiri aambiwe anavuka mipaka ya kazi yake?

Wadau, hasa mlioko kwenye sekta ya afya, nakaribisha maoni yenu.