Kipimajoto Kilivyofika Kwenye Paja la Mbuzi

Kijana wa Kinondoni ukimtajia Tanganyika Packers atakuelekeza Kawe, kwenye viwanja vya mikutano ya injili na kampeni za uchaguzi. Wazazi wake wanakijua kiwanda. Kilianzishwa mwaka 1947 kwa ubia wa serikali ya kikoloni na kampuni ya Liebig's ya London, kikawa kinachinja ng'ombe wa bara na kuwatia kwenye makopo kwa ajili ya walaji wa ng'ambo. Historia ya nyama na kipimajoto jijini Dar es Salaam naianzia hapo, ingawa siku hizi kifaa kinachozungumzwa ni kile kijiti cha chuma kisicho na waya, kinachochomekwa kwenye nyama na kutuma namba kwenye simu ya mpishi.

Nyama ya kopo haitaki kukisia. Vimelea vinavyoleta sumu ya botulini haviogopi maji yanayochemka, hivyo makopo hupikwa kwa mvuke uliobanwa mpaka yafike nyuzi 121 hivi. Kiwanda cha namna hiyo hakiendeshwi bila kipimajoto ubavuni mwa chombo na mtu wa kusoma namba. Nje ya ukuta wake mambo yalikuwa mengine: mchoma nyama alitumia jicho, kidole na kisu.

Jina la kampuni ile nalo lina kisa. Justus von Liebig, mkemia Mjerumani, aliandika mwaka 1847 kwamba nyama ikianza na moto mkali huziba nje na kubakiza maji yake ndani. Wapishi wa Ulaya wakalishika neno hilo kama amri. Majaribio ya baadaye yalimkanusha. Moto mkali huleta rangi na harufu nzuri, lakini hauzuii maji kutoka. Mwaka 1907, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Elizabeth Sprague na Harry Grindley walichapisha utafiti wa kuoka nyama ya ng'ombe huku kipimajoto kimechomekwa katikati ya pande. Walichokitaka ni joto la kiini cha nyama, maana dakika peke yake hudanganya: mapande mawili yaliyoingia motoni pamoja hayaivi pamoja kama moja ni nene kuliko jingine.

Kilichokisukuma kifaa hicho mpaka jikoni kwa watu, kwa maoni yangu, ni hofu kuliko utamu. Mwaka 1993 Wamarekani walishtuka baada ya watoto wanne kufa na mamia ya watu kuugua kwa kula hambaga zisizoiva. Tangu hapo wakaguzi wao wakasisitiza nyuzi 71 kwa nyama ya kusaga.

Sisi hofu yetu ilikuja mwanzoni mwa 2007. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, iliua zaidi ya watu 140 nchini, Dodoma ikiumia zaidi, na Dar es Salaam wateja wakaanza kuikwepa nyama nyekundu na kukimbilia kuku na samaki. Wataalamu wa mifugo, ambao maabara yao kuu iko Temeke Veterinari, walikuwa na kazi ya kupima sampuli. Mchoma nyama hakununua kipimajoto. Alichofanya, pale mteja alipobaki, ni kuiacha nyama motoni ikauke.

Wala sioni kwamba alikosea. Ng'ombe wanaofika mnada wa Pugu wengi ni zebu wa kienyeji, wenye nyama ngumu isiyo na mafuta mengi, na mlaji wa Mbagala au Mwananyamala hataki kuona wekundu katikati. Mbavu zimepasuliwa nyembamba, moto uko wazi. Nyama ikitoka kwenye wavu inawekwa ubaoni mbele yako, inakatwa, na kipande cha kwanza unapewa uonje. Ukisema bado, inarudi motoni. Kitimoto nayo, yaani nyama ya nguruwe, ambayo kwa sababu ya minyoo ya tegu haifai kuliwa mbichi hata kidogo, hukatwa vipande vidogo na kukaangwa kwenye mafuta yanayochemka. Hapo kipimajoto kitapima nini?

Ndafu ndiyo imebadilisha hesabu. Mbuzi mzima, aliyekuja mjini na harusi za Wachaga na sasa anaingia kumbini hata kwa makabila ambayo hayakumjua, ana paja nene ambalo nje linaweza kung'aa kahawia huku kwenye mfupa bado kuna damu. Kumkata ili kuhakikisha ni kuharibu pambo, kwa kuwa lazima afike mbele ya maharusi akiwa mzima. Vipimajoto vya waya havikusaidia sana, maana mbuzi anazungushwa kwenye chuma na waya unajisokota naye. Mwaka 2015 watengenezaji wa Meater walianza kukusanya fedha mtandaoni kwa ajili ya kijiti kisicho na waya kabisa, chenye betri na redio ndani yake, kikiongea na simu kwa Bluetooth.

Kina masharti yake. Ncha inayokaa ndani ya nyama imetengenezwa kuvumilia nyuzi 100, na kitako kinachobaki nje nyuzi 275. Mafuta yakidondokea mkaa na ndimi za moto zikapanda, laki kadhaa zimeungua, fedha zinazokaribia bei ya mbuzi mwenyewe. Jiko la pipa likifunikwa, bati hudhoofisha mawimbi. Na namba za vitabu vya kigeni zisichukuliwe kama zilivyo: nyuzi 63 zinatosha kwa usalama wa paja, lakini la mbuzi wa kienyeji bado litamshinda bibi mwenye meno machache. Paja hilo hulainika likivuka 80, baada ya kano kuyeyuka.

Njiani kuna mtego mwingine. Kwa moto mdogo, nyama nene ikifika nyuzi 65 au 70 hutoa jasho, jasho likikauka linaipoza, na joto la ndani linaweza kusimama kwa muda mrefu. Simu, isiyojua sherehe, inabashiri nusu saa, kisha saa moja, kisha saa moja na nusu, na mshereheshaji ameshashika kipaza sauti kuita ndafu.