Nyimbo Zilizofundisha Gitaa Upande wa Bara wa Mombasa

Gitaa lilifika upande wa bara wa Mombasa pamoja na kazi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, bandari, na baadaye kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilichofunguliwa miaka ya 1960 viliwaleta vibarua na makarani kutoka Ziwa Viktoria, Ukambani, Taita na vijiji vya Wamijikenda vya jirani. Anayevuka Makupa kutoka kisiwani hufika Changamwe, kisha Mikindani, halafu Miritini na Mazeras, zote kandokando ya barabara kuu ya Nairobi. Katika mitaa hiyo waliofundishwa gitaa darasani walikuwa wachache mno. Aliyetaka kujua alichagua wimbo mmoja, akaung'ang'ania mpaka vidole vikauzoea, kisha akahamia mwingine. Kwa hiyo historia ya ufundi wa gitaa hapa ni historia ya nyimbo ambazo watu walijifunzia.

Santuri zilitangulia. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV iliuza Afrika mfululizo wa santuri za GV, nyingi zikiwa rumba za Kuba, na mapigo yake yakawa msingi wa dansi kotekote Afrika Mashariki na Kongo. Mmoja wa waliokua katika hewa hiyo ni Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 karibu na Mazeras. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi la Afrika Mashariki, akafika hadi Burma. Aliporudi alifanya kazi na mtayarishaji wa muziki Peter Colmore jijini Nairobi, na hutajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Anayejaribu kuiga "Tausi Ndege Wangu" hugundua upesi kwamba ugumu hauko kwenye kasi. Uko katika kubadilisha akodi nzito, zenye ladha ya jazi, bila sauti kukatika huku mdomo unaendelea kuimba.

Somo la pili lilitoka Katanga, kusini mwa Kongo. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda akipiga "Masanga" kwa gitaa kavu moja linalosikika kama mawili. Mwenda alitumia kidole gumba na cha shahada tu: gumba likitembea kwenye nyuzi nene, shahada ikichuma wimbo kwenye nyuzi nyembamba, na kila kimoja kikiwa na mwendo wake. Baadaye Mwenda mwenyewe, na Edouard Masengo pia, walikuja Nairobi kufanya kazi, wakasikika redioni, na mtindo ukaenea. Magharibi mwa Kenya George Mukabi aliugeuza ukawa omutibo, pembeni mwenzake akikwaruza chupa ya Fanta kushika mapigo. Aliyetaka kupandisha sauti ilingane na koo lake alilaza penseli juu ya nyuzi, akaifunga kwa raba nyuma ya shingo ya gitaa. Hiyo ndiyo kapo ya mtu asiye na duka la ala karibu. Wafanyakazi waliohama na magitaa yao waliusambaza ufundi huu kutoka mtaa hadi mtaa, na gumba lenye akili yake likawa jambo la kawaida kwa mpigaji asiyejua hata jina la akodi anayoishika.

"Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William wa Taita-Taveta na ambao umiliki wake umebishaniwa tangu zamani, ulipata nafasi nyingine. Akodi tatu zinatosha kuuimba, nao ni wa polepole, ndiyo maana umekuwa wimbo wa kwanza wa wanafunzi wengi. Faida yake kwa mkono wa kulia ni ndogo. Anayeishia hapo hubaki mwimbaji mwenye gitaa.

Mwaka 1971 ndugu Wilson Peter na George Peter Kinyonga kutoka Tanga waliunda Simba Wanyika jijini Mombasa, kabla ya kuhamia Nairobi katikati ya muongo huo. Hapa kujifunza kulibadilika kabisa. Katika muziki wao, na wa Les Wanyika waliojitenga mwaka 1978, gitaa la rithimu halipigi akodi nzima bali hurudia kifungu kifupi cha noti, na la solo huingia katika nafasi lilizoachiwa, huku besi ikiruka mapigo ambayo masikio yanayategemea. Mwanafunzi anayejifunza "Sina Makosa" peke yake chumbani hupata kipande kisicho na maana. Kinaeleweka pale mwenzake anapoanza kipande cha pili. Ndiyo sababu magitaa ya dansi yalifundishwa kwa watu wawili wawili, mara nyingi yule mkubwa akishika solo na mdogo akiachiwa rithimu kwa miaka. Huenda hakuna mazoezi ya muda yaliyo makali kuliko hayo, ingawa waliopitia waliyaona ni mateso tu.

Roki iliingia kwa mlango wa hoteli. Watalii walipoongezeka katika fuo za Pwani miaka ya 1970, bendi zilizopata mkataba zililazimika kupiga chochote ambacho mgeni aliomba. Slim Ali wa Mombasa na Hodi Boys waliimba soul na pop kwa Kiingereza. Them Mushrooms, ndugu wa ukoo wa Harrison, walianzia huko huko Pwani na mwaka 1982 wakatoa "Jambo Bwana". Mombasa Roots waliichukua chakacha, ngoma ya Waswahili wa Pwani, wakaipeleka kwenye disko. Mpigaji wa hoteli alihitaji ufundi ambao gitaa kavu halikumpa: kuvuta uzi mpaka noti ipande, kuacha noti moja ilie muda mrefu, kukwaruza akodi za nyuzi mbili kwa sauti iliyopasuka. Yote hayo yanategemea ampu na nyuzi laini. "Samba Pa Ti" ya Santana, ya mwaka 1970, ni mfano mzuri: noti zake ni chache, na zikipigwa kwa gitaa kavu hufa kabla hazijasema kitu.

Hivyo njia ya mpigaji wa Pwani ilikwenda kinyume na ya kijana wa Uingereza au Marekani. Kule wengi huanza na akodi za nguvu na kuvuta uzi, gumba huru likaja baadaye kama ufundi wa juu. Hapa gumba lilitangulia. Mwanzo wa "Stairway to Heaven" wa Led Zeppelin, mwaka 1971, ambao besi yake hushuka hatua kwa hatua chini ya noti za juu, haumtishi mtu aliyelelewa na "Masanga". "Hotel California" ya Eagles hufunguliwa kwa gitaa la nyuzi 12 lenye kapo kwenye freti ya 7, kazi ileile ya penseli na raba. Tofauti huonekana mwishoni mwake, pale Don Felder na Joe Walsh wanapotembeza magitaa mawili sambamba, noti juu ya noti, wakati Wanyika wangeyapishanisha.

Roki ya maendeleo, yaani ile ya akina Pink Floyd na Yes, ilileta ugumu mwingine: hesabu. "Money" ya Pink Floyd, mwaka 1973, huenda kwa mapigo saba, kisha solo ya David Gilmour ikahamia mapigo manne. Aliyezoea chakacha, ambamo mapigo matatu hukaa juu ya mawili, ana sikio la kugawanya muda, lakini saba haigawanyiki vizuri kwa miguu inayocheza. Mazoezi yanayofaa ni kuhesabu nne na tatu kwa sauti huku mkono ukipiga ule mlio wa besi pekee. "Roundabout" ya Yes, mwaka 1971, hufundisha jambo dogo lakini la thamani: kugusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 ili utoe mlio wa kengele.

Njia ya kunakili nyimbo hizi imepitia hatua tatu. Santuri ya mizunguko 45 iliweza kuchezwa kwa mizunguko 33, mwendo ukapungua lakini sauti ikashuka karibu nusu-toni tano, kwa hiyo gitaa lilisetiwa upya au mpigaji akahamisha akodi kichwani. Kaseti ilirudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic betri zisiishe, na kifungu kigumu kikasikilizwa mpaka utepe ukachakaa. Simu ya leo hupunguza kasi bila kushusha sauti, na video huonyesha kidole kipi kinagusa uzi upi, jambo ambalo santuri haikuweza kamwe. Makanisa ya mitaani, yenye ampu, ngoma na mazoezi ya kila wiki, nayo sasa huwapa vijana wengi wa Mikindani na Changamwe nafasi ya kushika rithimu chini ya mpigaji mkubwa, kwa utaratibu uleule wa bendi za dansi.