Kemshafti na Konvata: Usimwoze Mmoja Bila Kumuuliza Mwenzake

Ndugu wasikilizaji, wiki hii naomba tuinue boneti. Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Lakini barabara zetu, za Mombasa na za Dar es Salaam, zimejaa magari ya otomatiki yaliyokwisha kutumika Japani, na wako vijana wanaotamani kuyaongezea mbio. Mwenye tamaa hiyo huanza kuwaza kemshafti. Mimi namwambia, kabla hajatoa fedha zake, asikie kwanza habari ya konvata.

Habari yenyewe inaanzia Ujerumani, mwaka 1905. Katika kiwanda cha meli cha Vulcan, mjini Stettin, mhandisi Hermann Föttinger alikuwa na tatizo. Turbini ya mvuke hufanya kazi vizuri ikizunguka kwa kasi sana, na rafadha ya meli hufanya kazi vizuri ikizunguka polepole. Je, wawili hao watakaaje nyumba moja? Föttinger akaweka kimiminika katikati yao. Mapanga ya upande wa injini yanakisukuma, mapanga ya upande wa pili yanasukumwa nacho, na mapanga ya tatu, yaliyo kati yao, yanakigeuza kirudi kwa namna ya kuongeza nguvu. Hiyo ndiyo konvata. Tangu kuzaliwa kwake, kazi yake ni kupatanisha wawili wasiokwenda mwendo mmoja.

Kutoka melini, fikra hiyo ikaingia kwenye magari. Huko Marekani, kampuni ya General Motors ilitoa giaboksi ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya 1940. Ile ilikuwa na kiungo cha mafuta tu, kisichozidisha nguvu. Konvata kamili ilikuja na Dynaflow ya Buick mwaka 1948, na Chevrolet wakafuata na Powerglide mwaka 1950. Madereva wa kawaida walifurahi, maana mguu wa kushoto ulipata likizo. Wapenda mashindano ya mbio, hata hivyo, waliidharau.

Walikuwa na sababu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mafundi wa California kama Ed Iskenderian walikuwa wakichonga kemshafti za mbio. Kemshafti, kwa asiyeijua, ni fito la chuma lenye manundu yanayofungua valvu za injini. Ukiyachonga manundu hayo ili valvu zikae wazi muda mrefu zaidi, injini inapumua vizuri ikiwa kwenye kasi kubwa, na nguvu inaongezeka. Lakini kwenye kasi ndogo, valvu ya kuingiza hewa na ile ya kutoa moshi zinakuwa wazi pamoja kupita kiasi. Hewa mpya na moshi vinachanganyika, injini inatetemeka na kulegea. Mtaka yote hukosa yote.

Mwenye gari la klachi ana dawa. Anaipandisha injini mpaka mizunguko 4,000 kwa dakika, ndipo anaachia klachi. Mwenye otomatiki hana klachi ya kuachia. Konvata ya kawaida ya kiwandani, gari likiwa limezuiwa kwa breki, huiruhusu injini ifike mizunguko kama 1,500 hadi 2,000 tu. Hapo ile kemshafti kali bado imelala usingizi! Gari linaondoka kama mgonjwa, au linazimika kila linapotiwa gia.

Basi mafundi wakagundua kwamba lazima waguse pande zote mbili. Walitengeneza konvata zenye kipenyo kidogo, inchi 10 au hata 8 badala ya 12, na kubadili pembe za mapanga, ili injini ifike mizunguko 3,000 au zaidi kabla gari halijavutwa kwa nguvu. Viwandani nako somo liliingia. Mwaka 1955 Buick walitoa Dynaflow ambayo mapanga yake ya kati yalibadili pembe dereva alipokanyaga mafuta hadi chini. Na mwaka 1962 Chrysler walipoiunga injini yao ya mbio, ya inchi za ujazo 413, na giaboksi ya otomatiki ya TorqueFlite, dharau za wenye klachi zikaanza kupungua.

Lakini ndoa hii ina mahari yake. Konvata inayoteleza zaidi huzaa joto, na joto huua oili ya giaboksi. Asiyefunga kipoza oili atalia. Petroli nayo huliwa zaidi. Tena, kemshafti kali hupunguza mvuto wa hewa ndani ya injini, na mvuto huo ndio unaosaidia breki katika magari mengi. Dereva anakanyaga, anakuta pedeli imekuwa ngumu kama jiwe. Hapo si suala la mbio tena, ni suala la roho za watu.

Siku hizi, katika magari mengi, kompyuta ndiyo mshenga. Inabadili saa za kufunguka kwa valvu injini ikiwa inakwenda, na inaifunga konvata isiteleze gari likishika mwendo. Wahandisi wamewapatanisha hao wawili tangu kiwandani. Ukimng'oa mmoja na kuweka mgeni, umevunja mapatano ambayo wewe hukuyaandika.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimwendea muuza kemshafti, mwulize inaanza kutoa nguvu kwenye mizunguko mingapi. Siku hiyo hiyo mwendee fundi wa giaboksi, umwambie jibu ulilopewa, pamoja na uzito wa gari lako na difu yake. Wakikubaliana, nunua. Wasipokubaliana, liache gari lako lilivyo, na fedha zako uzinunulie matairi mazuri.

Kwaherini hadi wiki ijayo.