Majaribio kwa wanyama: panya wa chikungunya

Chikungunya ni homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Jina lake ni la Kimakonde, maana yake kujikunja. Iligunduliwa katika mlipuko wa 1952–1953 huko Newala, Mtwara, juu ya bonde la Ruvuma, pale wagonjwa walipoumwa viungo hata wasiweze kusimama wima. Sampuli za damu zilipelekwa Entebbe, Uganda. Huko R. W. Ross aliwadunga panya wachanga, wangali wananyonya, na virusi vikapatikana kutoka miilini mwao. Ndiyo njia iliyotegemewa siku hizo, na wanyama hao wanastahili kutajwa kila ugonjwa huu unapoelezwa.

Mwaka 1959 wanasayansi Russell na Burch wa Uingereza walitaka wanyama wa majaribio wapunguzwe, maumivu yao yapungue, na njia mbadala zitumike panapowezekana. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Hata hivyo, chanjo ya kwanza ya chikungunya, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ilihitaji pia majaribio kwa kima aina ya makaki.

Vipodozi navyo vimejaribiwa kwa wanyama, lakini kipodozi hakiokoi mgonjwa, kwa hiyo mateso ya wanyama kwa ajili yake hayana utetezi. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwaka 2013.